Adina Unruh na Miraba Isiyolingana

Adina Unruh alikuwa mtu wa kukadiria. Chumvi aliipima kwa kiganja, unga kwa jicho, na umbali wa kwenda mjini kwa manung'uniko ya mumewe. Katika jiko la shule alilopikia tangu ujana wake kulikuwa na kikombe kimoja tu cha kupimia, nacho alikitumia kumchotea paka chakula. Na chakula chake kilikuwa kitamu, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba Adina hakuona kwa nini kilichofaa kwenye supu kisifae kwingineko. Mlango wa banda lake la kuku ulikuwa mpana kuliko banda lenyewe. Sweta alilomfumia mumewe Ruben lilikuwa na mkono mmoja wa Ruben na mwingine wa mtu ambaye hatukupata kumjua.

Mwaka mmoja alishona peke yake mfarishi wa viraka, akaupeleka kwenye mnada wa misaada wa makanisa yetu ya Kansas. Ulipotundikwa jukwaani ukaonekana mwembamba juu na mpana chini, kama sketi. Dalali aliutazama kulia, akautazama kushoto, kisha akawatangazia watu:

"Mabibi na mabwana, huu ni wa kitanda chenye nyonga!"

Adina alicheka kuliko wote. Halafu alikwenda nyuma ya hema la verenika, yale maandazi ya jibini ya kuchemsha, akalia kidogo, akapangusa uso kwa aproni, akarudi kukoroga mchuzi.

Basi hebu fikirieni jinsi mambo yalivyokuwa hata huyo Adina akaja kukabidhiwa mfarishi wa kanisa zima.

Sisi wanawake tulikutana kila Jumanne katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na mwenyekiti wetu alikuwa Ottilie Schrag. Ottilie alikuwa mwembamba, mnyoofu, na hakuvumilia kitu kilichokaa upande. Tepu yake ya kupimia ilikaa shingoni mwake asubuhi hadi jioni, na wapo waliosema hulala nayo. Kila mwaka utaratibu wetu ulikuwa mmoja: kila mwanamke anashona nyumbani mraba mmoja wenye nyota katikati, anamletea Ottilie, naye anaikata miraba kingo ili yote ilingane, anaweka mikanda ya kitambaa kati ya mraba na mraba, anaunganisha yote. Kisha tunautandaza mfarishi kwenye fremu ya mbao na kuushona kwa mkono, huku tukizungumza habari za wasiokuwapo.

Mwaka ule, mraba wake akiwa amekwisha kuushona, Ottilie alivunjika mkono. Alikuwa amekwenda kumtembelea Elfrieda Goering, akaona picha ya marehemu baba yake Elfrieda imeinama kidogo ukutani, akapanda kiti kuinyoosha bila kuombwa. Kiti kikateleza. Picha ilinyooka, Ottilie akapinda.

Tulipokutana kumtafuta mtu wa kuunganisha, kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Huyu ana ndama wachanga, yule cherehani yake inakohoa. Adina alikuwa ametoka kwenda kutazama kahawa. Aliporudi na birika mkononi, alikuta amekwisha chaguliwa.

"Mimi?" akauliza. "Jamani, mnanijua vizuri?"

"Tunakujua, mwenzangu," akasema Elfrieda. "Ila wewe ndiye hukuwapo kukataa."

Adina akaweka birika mezani. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona masikio yamemgeuka mekundu. "Haya," akasema. "Lakini safari hii hakuna kitanda chenye nyonga. Naapa... aa, kanisani kwetu hatuapi. Nasema tu."

Miraba ikaanza kumfikia, mmoja mmoja, wengine wakiituma ndani ya mifuko ya mayai. Ilipotimia kumi na miwili akaitandaza kwenye sakafu ya sebule, akapiga magoti, akaipima. Hilo peke yake lilimtisha Ruben, maana hakuwahi kumwona mkewe akipima kitu.

Ruben alikuwa mkulima wa ngano, mtu wa maneno machache. Wiki ile mgongo ulikuwa umemkamata, akawa analala chali sakafuni palepale sebuleni, redio ya hali ya hewa kifuani.

"Ruben, hii haiko sawa. Huu wa Elfrieda umezidi kidogo. Huu umepungua unywele mmoja. Na huu wa Dada Ottilie umepungua inchi nzima!"

"Haiwezekani," akasema Ruben.

"Ndivyo ninavyosema. Basi tepu yangu ni mbovu."

Akapima mlango. Akampima Ruben pale chini, kutoka kisigino hadi utosini.

"Umefupika," akamwambia.

"Nimezeeka."

Hakuridhika. Akaenda ghalani kuchukua rula ya mbao ya Ruben, ile ya kukunja ya mafundi seremala. Rula ikakubaliana na tepu. Mraba wa Ottilie ulikuwa mdogo, na si mdogo tu: nyota yake ilikuwa imekatwa ncha pande zote nne, kama paka aliyekatwa kucha.

Sasa mtu mwingine angesema, "Ottilie kakosea." Lakini kwetu maneno hayo mawili yalikuwa hayajawahi kukaa pamoja. Adina akavaa koti akaenda kuuliza.

Alimkuta Ottilie kwenye kiti chake cha kubembea, mkono kwenye plasta, akimwelekeza mumewe jinsi ya kukunja taulo.

"Dada Ottilie, nina swali dogo. Miraba ikiwa haikulingana, mtu anafanyaje?"

"Hailingani kamwe," akasema Ottilie. "Wanawake wale wanashona kama wanaokimbizwa na nyuki. Nisikilize vizuri, Adina. Kosa lako wewe ni hili: unakata mkanda uufuate mraba. Mraba mkubwa unaupa mkanda mrefu, mraba mdogo mkanda mfupi. Mwisho unapata nini?"

"Sketi," akasema Adina kwa unyonge.

"Sketi. Sasa geuza. Kata mikanda yote sawasawa, halafu mraba ndio uufuate mkanda. Pini huku mwanzo, pini kule mwisho, pini katikati. Ule uliozidi uweke chini, upande wa meno ya cherehani, yale yanayovuta kitambaa. Meno yanakula ziada. Na ukifika kuunganisha safu na safu, tia alama kwenye mkanda mahali mshono wa jirani unapopaswa kufika, la sivyo mistari yako itaachana njiani kama mabinamu waliogombana. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hujasikia. Chukua tepu yangu." Akaivua shingoni kwa mkono wake mzima, kama mtu anayevua mkufu wa dhahabu. "Nirudishie kabla ya Jumanne."

Adina alifika nyumbani akaitandaza tepu ile kando ya rula ya Ruben. Akaitazama. Akaisogeza. Akaitazama tena. Kisha akakaa kitako sakafuni, kimya, jambo ambalo lilimfanya Ruben azime redio.

"Kuna nini?"

"Ruben, tepu hii inaanzia moja."

"Tepu zote zina moja."

"Zina moja, ndiyo, lakini zinaanzia sifuri! Hii imekatwa. Inchi ya kwanza haipo. Ukisema unapima kumi na mbili, unapata kumi na moja!"

Ruben akafikiri. "Tangu lini?"

Hapo ndipo Adina alipoanza kucheka. Alicheka akalala ubavu juu ya nyota za wenzake. Kwa maana alikumbuka mapazia ya ukumbi wa kanisa, yaliyoacha ufito wa mwanga chini ya kila dirisha. Mlinzi wa kanisa ndiye aliyepima madirisha na Ottilie ndiye aliyekata. Alikumbuka majoho ya kwaya. Alikumbuka suruali nyeusi za Mchungaji Harder, ambazo alishonewa na Ottilie kama zawadi na ambazo zilionyesha soksi zake zote mbili akiwa mimbarini, hata wazee wakaulizana kama mtu wa miaka arobaini na minane anaweza kuwa bado anakua.

Nyumbani kwake Ottilie kila kitu kilitosha, maana alipima dirisha kwa tepu ile na kukata pazia kwa tepu ile, uongo ukapatana na uongo. Lakini wanawake wa kwetu hawapendi kiuno chao kisomwe kwa sauti. Ukitaka kushonewa, ulijipima mwenyewe chumbani, ukampelekea Ottilie kipimo kwenye karatasi iliyokunjwa. Na miraba yetu? Miaka yote aliikata yeye, yote kwa tepu ile, ikalingana. Nyota zetu zote zilikuwa butu, nasi tulidhani ndio mtindo.

"Itabidi umwambie," akasema Ruben.

"Mwambie wewe!"

"Mimi mgongo unaniuma."

Adina hakumwambia. Aliirudisha tepu kabla ya Jumanne, akasema, "Asante, Dada. Tepu kama hii sijaona," na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Lakini mafundisho ya Ottilie aliyashika kama Amri Kumi. Kwanza aliuzungushia mraba wa Ottilie kijifremu chembamba cha kitambaa cha buluu, ili ufikie ukubwa wa wenzake. Njia nyingine hakuwa nayo. Kisha akakata mikanda, na hapo ndipo Ruben alipopata kazi. Kwa kuwa alikuwa sakafuni tayari, Adina alimpa ncha ya kitambaa aishikilie ili isicheze.

"Shika hapo. Usipumue."

"Mpaka lini?"

"Nitakwambia."

Alipima mara mbili kabla ya kukata mara moja. Mara nyingine alipima mara tano, akaenda kunywa maji, akarudi kupima ya sita. Alichomeka pini hadi mkeka wa sebule ukawa hatari kwa mtu na paka. Mraba wa Elfrieda uliozidi akauweka chini, meno ya cherehani yakaula taratibu, na ulipotoka upande wa pili ulikuwa umekaa kwenye mkanda kimya kama mtoto aliyeogeshwa. Adina akaugeuza huku na huku, haamini.

"Ruben! Meno yameula!"

"Yameula nini?"

"Ziada!"

Safu ya mwisho ilipoungana, mistari yote ilikutana pembe kwa pembe. Adina akasimama apige makofi, na mfarishi wote ukasimama naye. Alikuwa ameshona aproni yake ndani ya mshono. Walichukua saa nzima kumfumua. Ruben alikwenda na mkasi kwa magoti na mikono, akiguna, na mgongo wake, kwa sababu asizozijua daktari wala mtu mwingine yeyote, ukapona hapohapo.

Jumanne tukatandaza mfarishi kwenye fremu. Tulikuwa tumekuja na huruma tayari kwenye midomo, na sasa hatukuwa na pa kuiweka. Mikanda ya kahawia ilinyooka kama barabara zetu za mashambani, ambazo zikianza kwenda magharibi hazikumbuki kupinda. Nyota zote, isipokuwa moja, zilikuwa na ncha kali.

"Adina," akasema Elfrieda, "umefanya wewe?"

"Na Ruben. Yeye alikuwa sakafu."

Ottilie aliinama juu ya fremu, tepu shingoni, plasta kifuani. Akapitisha kidole kwenye mikanda. Tukangoja.

"Imenyooka," akasema. Kisha kidole kikasimama. "Huu wangu una fremu. Kwa nini huu wangu una fremu?"

Adina akawa kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Akasema la kwanza lililomjia:

"Kwa heshima, Dada. Mraba wa mwenyekiti huwekewa fremu."

Ottilie akaipapasa fremu ile ya buluu. Mashavu yake yakapata rangi. "Haikuwa lazima," akasema, kwa sauti ya mtu anayeona ilikuwa lazima kabisa.

Ingeishia hapo. Lakini Elfrieda akaweka sindano chini.

"Samahani. Mimi nimekuwa mweka hazina tangu kanisa hili lilipokuwa na jiko la kuni. Fremu yangu iko wapi?"

"Na mimi nimepika mikate ya mazishi yote," akasema mwingine. "Yote!"

"Mimi ndiye niliyetoa kitambaa cha mikanda!"

"Mimi sidai," akasema wa nne, "ila najua Mungu anaona."

Kwa dakika chache watu wa amani, wajukuu wa watu waliohama nchi mbili kuliko kushika bunduki, walikaribia kupigana kwa pini. Kila mmoja alitaka fremu. Elfrieda alitaka yake iwe ya buluu iliyoiva zaidi.

"Fumua tu, Adina," akasema. "Uweke fremu kwenye miraba yote, uiunganishe upya."

Adina akautazama mfarishi. Akatazama ile mistari. Nadhani ni hapo uvumilivu ulipomwishia, maana mtu akiwa ameishi maisha yake yote bila kitu kilichonyooka, akapata kimoja, hawezi kukifumua kwa ajili ya uongo.

"Sifumui!" akasema kwa sauti kubwa. "Si heshima! Ni udogo! Dada Ottilie, nisamehe, mraba wako ni mdogo. Tepu yako haina inchi ya kwanza."

Birika likajisemea jikoni.

"Haina nini?" akasema Ottilie.

"Inchi ya kwanza."

Ottilie hakuvaa miwani. Aliiona ni kujidekeza. Elfrieda akampa yake. Ottilie akaivaa, akainua ncha ya tepu mpaka karibu na pua.

"Lile bati la kwenye ncha lilidondoka," akasema polepole. "Kitambaa kikaanza kuchambuka nyuzi. Mimi siwezi kuona nyuzi zinaning'inia. Nikaikata vizuri. Kwa mkasi mkali." Akaishusha tepu. "Niliikata vizuri sana."

Kisha akageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza akiwa na miwani akayatazama mapazia. Dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Na Mungu naye ana utani wake, maana ni wakati huohuo mlango ulipofunguliwa, akaingia Mchungaji Harder, kikombe nusu mkononi, kuomba kuongezewa kahawa. Wanawake wote, kama walioamrishwa, tukatazama miguu yake.

"Nimekanyaga kitu?" akauliza mchungaji.

"Mchungaji," akasema Ottilie, "suruali hiyo, ulipoivaa mara ya kwanza, uliniona mimi ni mshonaji wa namna gani?"

Mchungaji Harder hakuwa na ujuzi wa kudanganya. "Niliona ni ya hewa sana, Dada. Nikadhani ndivyo ulivyokusudia. Wakati wa joto inafaa."

"Na hamkusema! Miaka yote hii! Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa?"

"Tulidhani tumenenepa," ikajibu sauti kutoka pembeni.

Elfrieda alikuwa amesimama. Alikuwa amekunja paji la uso, akihesabu jambo kichwani. "Ottilie. Lile gauni langu la kijivu. La Pasaka."

"Ndiyo?"

"Lile lililonibana. Ulikata mbele kwa tepu hiyo? Na nyuma?"

"Mbele na nyuma."

"Miaka mitatu!" Elfrieda akapiga meza. "Miaka mitatu sijala keki! Harusi ya mwanangu nilikula tango! Nilikaa mbele ya keki ya ngazi tatu, nikala tango!"

Ottilie alimtazama. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, nasi tukadhani analia, na kweli machozi mawili matatu yalitoka. Lakini nyuma yake kikafuata kicheko, kicheko chembamba cha mtu asiyekizoea, kama bawaba ya mlango wa zamani. Akacheka akashika plasta. Adina, aliyekuwa amejikunyata akingoja kufukuzwa, naye akaanza, na Adina akicheka huwezi kubaki. Mchungaji alicheka pia, ingawa alikuwa bado hajui ni kwa nini, hata kahawa ikammwagikia kwenye soksi, maana suruali haikuwapo kuikinga.

Elfrieda peke yake hakucheka. Alikwenda jikoni, akatoa keki ya chokoleti iliyokuwa ya wagonjwa, akakata kipande ambacho hakikupimwa kwa kitu chochote, akala akiwa amesimama.

Mraba wa Ottilie ulibaki na fremu yake. Mwenyewe alisema iachwe. "Wacha watu waulize," akasema. "Nitawaambia."

Siku ya mnada upepo wa Kansas ulikuwa umeamka mapema kuliko watu, ukawa unavuta mahema. Adina na Elfrieda waliitwa jukwaani kuushika mfarishi pembe mbili, na dalali alikuwa yuleyule. Akautazama kwa muda. Hakuwa na la kusema juu ya nyonga. Akasema tu, "Haya, huu umenyooka kuliko mimi," akaanza kuimba bei.

Mwanamke wa kutoka Nebraska, mwenye kofia ya manjano, akainua mkono. Nyuma kabisa, karibu na mapipa ya sharubati ya tufaha, mkono mwingine ukainuka. Adina akakodoa macho.

"Ruben!" akapaza sauti kutoka jukwaani. "Shusha mkono!"

Ruben akatikisa kichwa. Yule wa Nebraska akapandisha bei. Ruben naye akapandisha.

"Ruben Unruh! Kwani huu mfarishi ni trekta au ni nini? Una wazimu? Shusha!"

"Mama, tafadhali," akasema dalali, "usimsumbue mteja."

Watu mia tano waligeuka kumtazama Ruben, mtu ambaye siku ya arusi yake alijibu "ndiyo" kwa kunong'ona. Alikuwa mwekundu kama nyanya mbivu. Lakini mkono haukushuka, mpaka yule wa Nebraska akavua kofia yake ya manjano, akajipepea, akaketi.

Adina hakusema naye njiani. Mfarishi ulikuwa katikati yao kwenye pikapu, umekunjwa. Walipita maghala ya nafaka, wakapita makaburi, ndipo akashindwa kujizuia.

"Tumeushona wenyewe. Tumeutoa sadaka wenyewe. Halafu tumeununua wenyewe. Hebu nieleze, mume wangu, kama mtu anayemweleza mtoto."

Ruben aliendesha kidogo.

"Nasikia baridi," akasema.

"Nini?"

"Usiku. Tangu tuoane umeshona kwa ajili ya mnada, na kila unachoshona kinauzwa. Watu wa mjini kule Wichita wanalala joto. Sisi tunalala na blanketi la farasi la baba yangu."

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kufikiria. Akauvuta mfarishi kwenye mapaja yake, akaupapasa, kidole kikapata mahali mikanda miwili inapokutana.

"Na hilo blanketi," akasema hatimaye, "linanuka."

"Linanuka sana," akasema Ruben, akakunja kona kuelekea nyumbani.